Kipindi Hakiendi Bila Mtoto Wake

Nyinyi mnaoingia sasa katika kazi ya kuhifadhi masomo ya televisheni mmekuta kila kitu kiko tayari. Unafungua somo, picha inaanza, maandishi yanapita chini, kisha swali linatokea na picha inasimama kumngoja mtoto abonyeze jibu. Mnadhani picha na maswali vilizaliwa siku moja. Havikuzaliwa siku moja. Viliunganishwa kwa mikono, na miwili kati ya mikono hiyo ni hii yangu, ambayo siku hizi inashika jembe la bustani kuliko kibodi, kwa sababu macho yamekataa skrini.

Miaka yangu ya kazi niliimaliza katika chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, mtaa wa West Indies, hapa Eldoret. Tulikuwa tunarekodi masomo yanayoonyeshwa kwenye televisheni na kuyapeleka kwa shule ambazo hazikuwa na dekoda, au zilikuwa na dekoda lakini stima hupotea wakati wa somo. Mwenye kazi alikuwa Mzee Karanja, fundi wa redio tangu ujana wake, mtu mfupi mwenye sauti ya chini na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua likiwaka. Alikuwa na tabia ya kuiambia mashine pole kabla hajaifungua.

Mimi niliajiriwa kufagia. Baba alipofariki niliacha shule nikiwa kidato cha pili. Mama naye alipofariki niliachiwa wadogo zangu, Naomi, Titus na Amos. Amos, kitinda mimba wetu, alikuwa na miaka mitano, na homa ya uti wa mgongo ilikuwa imeshamwondolea masikio yote mawili. Siku moja Mzee alinikuta nimeweka fagio chini, narudisha nyuma kanda ya somo la redio kwa kalamu ya biro, ili mashine isichoke.

"Nani alikufunza hiyo?" akaniuliza.

"Hakuna, Mzee. Niliona tu mashine inalia."

"Fagio peana kwa mwingine. Wewe keti hapa."

Ndivyo nilivyoingia kazini. Amos akanipa jina kwa mkono kutokana na kazi hiyo: kidole kimoja kinachozunguka, kama biro ndani ya kanda. Mpaka leo hilo ndilo jina langu kwake.

Mambo mengi niliyofundishwa na Mzee Karanja hamtayahitaji tena. Hamtasafisha kichwa cha mashine kwa spiriti na kitambaa cha pamba. Hamtaweka sikio juu ya mashine inayorekodi kusikiliza kama imeanza kukohoa. Lakini kunawa mikono mtanawa. Vumbi letu la hapa haliangalii kama mashine ni ya zamani au ya kisasa.

Sasa niwaambie jinsi maswali yalivyokuja kukaa pamoja na vipindi.

Masomo ya dekoda yalipoanza kuja, yalikuja na kitu kipya. Aliyekuwa na dekoda nyumbani alisoma maandishi ya yale mwalimu anayosema, akaulizwa maswali, akajibu kwa rimoti. Sisi tulifurahi, tukarekodi masomo, tukayapeleka shuleni. Hatukujua kwamba mashine yetu inachukua picha na sauti peke yake. Maandishi na maswali yalikuwa yanasafiri pembeni, na mashine yetu ikayaacha yapite.

Wa kwanza kurudisha diski alikuwa mwalimu mkuu kutoka upande wa Chepkoilel. Aliiweka mezani kama mtu anayerudisha nyama iliyooza.

"Mama, hii somo ni bubu," akaniambia. "Mwalimu wa kwa TV anawaambia watoto wabonyeze kijani. Wanabonyeza. Hakuna kitu. Wanabonyeza tena. Kuna mmoja amefinya hiyo kijani mpaka imeingia ndani ya rimoti, na rimoti ni ya mke wangu."

Mzee Karanja alicheka mpaka kofia ikasogea. Mwalimu alipoondoka akaniambia, "Unaona, Selina? Tumechukua mama tukaacha mtoto wake kwa stendi."

Tangu hapo katika chumba chetu kipindi kikaitwa mama, na yale maandishi na maswali yakaitwa mtoto. Nyinyi mna majina marefu ya kigeni kwa kitu hicho. Yatumieni. Ila mkielewa kwamba ni mama na mtoto wa mgongoni, hamtakosea mara nyingi.

Hata hivyo hatukufanya lolote mwaka huo. Kazi ilikuwa nyingi, na Mzee alikuwa mtu wa kusema "tutaona". Kisha uchaguzi ukaja, na baada ya uchaguzi ikaja Januari ile ya elfu mbili na nane, majirani walipochomeana nyumba kwa sababu ya kabila.

Mimi ni Mkalenjin. Mzee Karanja alikuwa Mkikuyu. Kabla ya Januari ile sikuwahi kuhitaji kuandika sentensi hizo mbili. Alikuwa anakaa mtaa wa Munyaka. Asubuhi moja alifika kazini akisukuma mkokoteni wenye godoro na sufuria, mkewe akitembea nyuma ameshika Biblia na kuku. Moshi ulikuwa umetanda upande wa kwao. Hakuniambia nyumba imekuwaje, nami sikuuliza. Alitoa funguo mfukoni.

"Tunaenda shoograundi, wengine wameshafika huko," akasema. "Chunga mashine. Nikirudi, nimerudi. Nisiporudi, ni yako."

"Utarudi, Mzee."

"Ifunike. Vumbi ya moshi ni mbaya kuliko ya barabara."

Nilifunika mashine kwa leso ya mama yangu, nikafunga mlango kwa kufuli mbili. Barabara zilipotulia kidogo nilianza kwenda kule shoograundi, uwanja wa maonyesho uliogeuzwa kambi ya waliokimbia makwao, nikimshika Amos mkono, na chupa ya maziwa ndani ya kikapu. Mzee alikuwa ananiuliza habari za mashine kabla hajauliza habari za mtu yeyote.

"Imekohoa?"

"Haijakohoa, Mzee. Hata stima hakuna."

"Sawa. Basi inapumzika."

Mkewe alikuwa anageuka upande mwingine tukizungumza hivyo. Nafikiri ilikuwa rahisi kwake Mzee kuulizia mashine kuliko kuulizia nyumba. Mzee alirudi kazini mvua zilipokaribia. Yeye na mkewe walilala katika kile chumba chetu, kati ya rafu za kanda, mpaka walipopata pa kupanga. Hakuna mtu pale West Indies aliyesema neno. Mwenye duka la vitambaa aliwapelekea mapazia mawili mapya.

Mimi nilikuwa na shida yangu wakati huo, na shida hiyo ndiyo iliyozaa kazi mnayoifanya leo.

Amos alikuwa darasa la tano, katika darasa la watoto viziwi kwenye shule moja ya hapa mjini. Mwalimu aliyejua lugha ya ishara alikuwa mmoja tu, naye aliondoka na familia yake ile Januari asirudi. Shule ikafunguliwa, lakini darasa la Amos likabaki na kufuli. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi alivaa sare, akakaa mlangoni akiangalia wenzake wakipita. Sikuweza kumwambia avue.

Ndipo akaja mjomba wetu, Anko Elijah, kutoka Moiben. Kwetu ndugu wa mama ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake, na Anko Elijah hakuwa mtu mbaya. Alikuja na gunia la mahindi na mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, akaketi, akamwangalia Amos na ile sare yake.

"Selina, umefanya kazi ya mama yako vizuri," akasema. "Lakini huyu atakaa hapo kwa mlango mpaka lini? Kwangu kuna ng'ombe. Ng'ombe hazihitaji maneno mengi. Atakula, atanenepa, atakuwa mtu."

"Anko, Amos anasoma."

"Anasoma nini na mwalimu ameenda?"

"Atasoma kwa TV. Tunarekodi masomo kazini."

"TV inaongea, mwanangu. Mtoto hasikii."

Mama alipokuwa mgonjwa alinishika mkono akaniambia watoto wake wasilale chini ya paa tofauti mpaka wawe watu wazima. Naomi na Titus walikuwa wameketi kitandani wananitazama mimi, si Anko.

"Nitakuja tukimaliza kupanda," Anko Elijah akasema. "Nikimkuta anasoma, akae. Nikimkuta amekaa tu, tutaenda na yeye."

Kesho yake nilimwambia Mzee Karanja. Alisikiliza huku akipangusa lenzi ile ile kwa muda mrefu.

"Basi tumtafute yule mtoto tuliyeacha kwa stendi," akasema.

Tulianza hivi. Somo likiwa hewani, Mzee alirekodi picha. Mimi nilikaa mbele ya televisheni nyingine iliyounganishwa na dekoda, nikanakili kwa kalamu kila andishi na kila swali. Mzee aliangalia saa ya ukutani na kuniambia kila swali limetokea saa ngapi. Baadaye niliyachapa yote kwenye kompyuta katika faili la maandishi. Kijana mmoja wa chuo kule Chepkoilel, jina lake Dennis, alikuwa amenunua kwetu redio mbovu akatupenda. Yeye alitutengenezea programu ndogo ya kufungua picha na maandishi kwa pamoja. Swali likifika, picha inasimama. Mtoto anabonyeza moja, mbili au tatu kwenye kibodi. Akipatia, picha inaendelea.

Tulimketisha Amos. Somo likaanza. Likaisha. Hakuna andishi hata moja lililotokea.

Dennis alifungua faili langu, akashika kichwa.

"Sista, hii lesoni ni ya nusu saa. Mbona mnataka swali ya kwanza itokee ikifika masaa nne na dakika ishirini na tano?"

"Kwa sababu lilitokea saa nne na dakika ishirini na tano," Mzee Karanja akajibu. "Mimi mwenyewe niliona."

"Hiyo ni saa kumi asubuhi, Mzee. Saa ya kizungu."

"Basi weka kumi."

"Nikiweka kumi ndio itakuwa mbaya zaidi! Amos atangoja mpaka jioni!"

Chekeni mkitaka. Sisi tulikuwa tumezaliwa na saa inayoanza kuhesabiwa jua likichomoza, na hata tungetumia ile nyingine bado tungekosa. Dennis alihangaika kutueleza, mpaka Mzee akainua mkono.

"Nimeelewa. Kipindi hakijui saa ya ukuta. Kinajua umri wake."

Liwekeni hilo kichwani kuliko yote niliyoandika. Kipindi kinajua umri wake. Ukiweka swali lolote, uliza kipindi kilikuwa na umri gani swali lilipotokea. Anza kuhesabu pale picha ya kichwa cha somo inapoonekana, si pale ulipobonyeza kitufe cha kurekodi, kwa sababu leo utabonyeza mapema na kesho utachelewa ukimalizia chai. Halafu mpe mtoto jina la mama yake, herufi kwa herufi, na uwalaze chumba kimoja. Nimeona faili za maswali zimewekwa peke yake katika folda iitwayo "maswali", zaidi ya mia, hakuna anayejua ni za nani. Hao ni yatima, na mimi najua kidogo habari za yatima.

Tulipopata umri sawasawa, tulimketisha Amos tena. Andishi la kwanza lilitokea chini ya mwalimu: "Habari za asubuhi, watoto." Amos alinigeukia. Akanyoosha kidole kwa mwalimu, akanyoosha kwenye maandishi, kisha akajigusa kifua. Anasema na mimi? Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akajibu mikono ikienda haraka, akimwamkia mwanamke wa kwenye skrini. Mkewe Mzee aliinuka akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Tangu hapo alikuja nami kazini kila siku na sare yake. Nilikuwa na furaha, na nikasahau kwamba mambo bado yanaweza kuharibika.

Anko Elijah alikuja kama alivyosema, na gambuti zake zenye udongo wa shamba. Yeye na Mzee Karanja walipeana mikono, lakini mikono yenyewe ilikuwa na haraka ya kuachana. Nilichagua somo la ng'ombe wa maziwa, nikijua litampendeza mgeni. Sikujua kwamba jana yake Mzee alikuwa amekata matangazo katika somo hilo, ili litoshee kwenye flashi ndogo ya shule fulani. Ukikata matangazo unampunguzia mama umri. Mtoto hakuambiwa, akabaki na umri wa zamani.

Kiwele cha ng'ombe kilionekana kikubwa, kikapita kimya. Picha ikahamia kwa mwalimu wa kwenye televisheni, mwanamume mnene wa miwani, akitabasamu. Hapo ndipo picha ikasimama na swali likatokea chini ya kidevu chake: "Sehemu hii ya ng'ombe inaitwaje? 1. Nundu. 2. Kwato. 3. Kiwele."

Amos aliniangalia. Akamwangalia mwalimu. Akabonyeza tatu.

"Vizuri sana!" kompyuta ikaandika juu ya ule uso. "Hiki ni kiwele."

Amos alicheka mpaka akaanguka kutoka kwa stuli. Naomi, aliyekuwa ameleta mandazi, alificha uso ndani ya sahani. Anko Elijah hakucheka.

"Mnamfunza mtoto kwamba mwalimu ni kiwele?"

"Hapana, Mzee Elijah," Mzee Karanja akasema. "Kosa ni la matangazo."

"Matangazo ya nini?"

"Ya sabuni. Na simiti. Niliyatoa."

"Sabuni imefanya nini kwa kiwele?"

Hakuna jibu fupi la swali hilo, na Anko Elijah hakuwa na subira kwa jibu refu. Alisema atarudi palizi ya kwanza ikiisha, na nguo za Amos ziwe zimefungwa. Alituaga kwa heshima. Mzee Karanja alisimama mlangoni akimtazama mpaka alipopinda kona, kisha akavua kofia yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kichwa chake.

"Nimekuharibia," akasema.

"Hujaniharibia, Mzee. Turekebishe."

Tulipitia kila somo lililokuwa limekatwa. Nilipima urefu wa kila tangazo, nikaupunguza katika umri wa kila swali lililofuata. Amos ndiye aliyekuwa mkaguzi. Sisi tunaosikia tunavutwa na sauti ya mwalimu, hatuoni swali likichelewa kidogo. Yeye aliona. Akikuta limechelewa, alinigonga bega na kukunja uso kama aliyeonja maziwa ya jana. Mpaka nilipoacha kazi, sikuachilia somo lolote kabla halijatazamwa na mtu aliyezima sauti. Fanyeni hivyo pia.

Jioni moja tukifunga, Mzee aliniuliza, "Na Amos mwenyewe anataka kukaa wapi?"

Hatukuwa tumemuuliza. Pale nyumbani ishara zetu zilikuwa za kula, kulala, kuumwa, njoo, ngoja. Za shuleni yeye alizijua, sisi hatukuzijua. Swali la kukaa wapi lilikuwa kubwa kuliko mikono yetu.

"Sijui, Mzee," nikasema. "Na kama anataka ng'ombe?"

"Basi utajua."

Usiku huo sikulala vizuri. Nilikuwa nimeshindana na Anko miezi mitatu, na sikuwa na hakika nilikuwa namshindania nani, Amos au mama yangu.

Anko aliporudi, nilimweleza kabla hajaketi. Nilimwomba yeye mwenyewe anitajie maneno ya swali, ili asije akasema nimelipinda. Alikuna kidevu, akamtazama Mzee Karanja, akaketi karibu na kompyuta.

"Andika. Amos, unataka kukaa wapi? Moja. Kwa Anko, Moiben." Akafikiri. "Mbili. Kwa Selina, mjini. Basi. Usiongeze."

Nikachapa. Nililiweka ndani ya somo lile lile la ng'ombe, kwa sababu Anko alitaka kuona kama kiwele kimepata mahali pake. Tukamwita Amos.

Kiwele kilipata mahali pake. Anko akaguna. Kikaja kipande cha ng'ombe anayecheua, na hapo picha ikasimama, ng'ombe mdomo wazi, na swali letu chini yake.

Amos alisoma. Aliona jina lake, akarudi nyuma kidogo kwenye stuli. Alimwangalia Anko, akaniangalia mimi, akamwangalia Mzee. Nilijitahidi uso wangu usiseme kitu. Vidole vyake vilikaa juu ya kibodi bila kubonyeza, na ng'ombe akangoja.

Kisha akafunga somo lote.

"Amekataa," Anko akanong'ona, kana kwamba Amos angesikia.

Hakuwa amekataa. Alifungua faili la maswali, lile la maandishi, kama alivyoniona nikifanya siku zote. Alishuka mstari kwa mstari mpaka akalifikia swali letu. Akaandika kwa vidole viwili, polepole, mgongo umezuia tusione. Akahifadhi. Akaanzisha somo upya, kutoka kichwa chake. Mzee Karanja alitaka kumsogezea mbele, Amos akampiga kofi dogo mkononi. Ilibidi sote tutazame somo zima tena: majani, maji, chumvi, kiwele. Anko Elijah alikuwa amejishika magoti.

Ng'ombe akacheua. Picha ikasimama. Chini ya maneno ya Anko palikuwa na mstari wa tatu, na Anko ndiye aliyeusoma kwa sauti, neno moja moja, kama anasoma kanisani:

"Tatu. Shule, kwa Selina. Likizo, kwa Anko. Anko ajifunze kuongea na mimi."

Amos alibonyeza tatu. Kompyuta haikuwa imefundishwa jibu la kutoa, kwa hiyo ng'ombe akaendelea tu kutafuna.

Anko Elijah alitoa leso mfukoni akaifuta midomo, na kutoka hapo ikapanda juu mpaka machoni. Halafu akamgusa Amos bega, akanyoosha kidole kwa ng'ombe wa kwenye skrini, akafungua viganja vyake vyote viwili. Hii mnaifanyaje?

Amos akaweka mikono kwenye paji la uso, akachonga pembe mbili. Anko akafanya. Amos akatikisa kichwa, akamrekebisha kidole gumba. Anko akafanya tena. Mzee Karanja naye, mlangoni, na chai mkononi, akafanya kwa mkono mmoja, na Anko akamwambia, "Yako imevunjika pembe, Mzee," wakacheka pamoja, na wakaingia katika habari za ng'ombe na bei ya dawa ya kupe mpaka chai ikapoa.

Mwalimu mwingine wa viziwi alipatikana mwaka uliofuata, na Amos akamaliza shule akilala nyumbani kwetu. Leo anachomelea mageti mazuri, nyumba nyingi za Eldoret zimefungwa kwa kazi ya mkono wake. Likizo zote alienda Moiben. Anko Elijah sasa ni mzee sana, na ishara zake bado ni mbaya, lakini anaongea nazo bila kuchoka, hata kwa watu wanaosikia.

Kuna jambo moja sijawaambia. Siku ile tulifurahi, tukafunga mlango, na asubuhi yake Mzee akaanza kunakili masomo ya shule. Tulikuwa na desturi yetu: mama hanakiliwi bila mtoto. Somo la ng'ombe wa maziwa likaenda shuleni, moja baada ya nyingine, na swali la Amos ndani yake. Nilijua mwalimu mmoja aliponipigia simu.

"Madam, Amos ni nani? Darasa langu linagombana. Nusu wanataka akae mjini, nusu Moiben. Halafu wanasoma namba tatu, wananyamaza."

"Na wanabonyeza gani?"

"Tatu. Wote."

Ningeweza kuliondoa. Faili ninalo, na ni mstari mmoja tu. Sikuliondoa, na nawaomba nyinyi msiliondoe. Mkifungua somo hilo katika kazi yenu ya kuhamisha vitu vya zamani kuvipeleka kwenye mashine mpya, mtafika kwa ng'ombe anayecheua, picha itasimama, na mtaulizwa Amos anataka kukaa wapi. Bonyezeni tatu, kisha muache somo liendelee.